Kinyozi Aliyepata Mtoto Kila Asubuhi

Watu wa mtaa ule walimwita Shimo, na wala hawakumwita hivyo kwa ubaya. Ungemwambia kinyozi huyu jambo lolote mchana, akalisikiliza kwa makini, akakupa pole au hongera kulingana na jambo lenyewe, kisha akilala na kuamka limekwenda na maji. Hata usingizi wa nusu saa baada ya chakula ulitosha kulifuta. Kwa hiyo msiniletee habari za vinyozi wengine wanaojua kutunza siri. Wale wanatunza, huyu hakuwa na pa kuitunzia.

Hakuzaliwa hivyo. Alikuwa kinyozi hodari mwenye akili zake timamu mpaka alipoamua kuweka bango jipya juu ya mlango wa duka lake, bango la bati lenye picha ya kichwa kilichonyolewa vizuri. Fundi aliyekuja kulifunga alimwambia asubiri kesho, ataleta misumari mirefu. Yeye akasema mifupi inatosha, bango lenyewe jepesi. Basi likakaa siku mbili. Siku ya tatu likamshukia utosini wakati anafungua mlango, na alipozinduka hospitali alimkumbuka kila mtu aliyemjua kabla ya asubuhi ile, ila jipya halikuingia tena. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, naye alivunjika penginepo.

Siku bango lilipoanguka, mke wake alikuwa na mimba ya miezi mitano. Hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki, kwa hiyo acheni kucheka kwanza. Kwa miaka sita na ushee, kinyozi aliamka kila asubuhi akijua kwamba mke wake ni mjamzito. Alijinyoosha, akapeleka mkono kupapasa tumbo, akakuta tumbo hamna. Akaketi kitako, moyo unamwenda mbio. Mkewe, macho bado kayafumba, akamwambia yale yale ya jana na juzi: "Mtoto alizaliwa salama. Msichana. Yuko mezani anakunywa chai. Wewe uliangukiwa na bango. Usilie kwa sauti, majirani wamelala."

Kuna siku alilia, kuna siku alicheka, kuna siku alikimbia mezani bila shati akamkumbatia mtoto mpaka chai ikamwagika. Mkewe, ambaye kutwa nzima alikuwa anapiga pasi kwa dobi na jioni anarudi na mgongo unaomuuma, alisema amezaa mara moja tu, lakini habari za uzazi amezitoa mara elfu mbili na zaidi. Mwanzoni alikuwa anaona raha kumwona mume anafurahi upya kila kukicha. Raha hiyo ilidumu kama mwaka.

Na mtoto je? Huyo alikuwa mjanja kuliko wote wawili. Baba akishamaliza kulia au kucheka, humuuliza: "Unaitwa nani, mwanangu?" Naye hujibu lolote linalomjia. Leo yeye ni Mkaguzi wa Mabomba, kesho Malkia wa Sabuni, keshokutwa Daktari wa Viatu. Baba naye alimwita hivyo kutwa kwa heshima zake zote. Utamsikia: "Mkaguzi, njoo unawe mikono." Mama alijaribu kumkanya mtoto zamani, akachoka, maana jioni ana nguo za nyumbani kwake pia za kupiga pasi.

Sasa tuje dukani. Ajali haikumnyang'anya kazi, kwa sababu mikono yake ilijua kunyoa tangu ujana. Tatizo ni kwamba hakuweza kujifunza mtindo mpya hata mmoja, hivyo mtaa mzima ulitembea na vichwa vya miaka sita iliyopita. Vijana waliokuwa na haya walikwenda kunyolewa kwingine. Watu wazima hawakuondoka, tena waliongezeka, na msidhani walifuata mtindo.

Mwalimu mkuu wa shule ya jirani, aliyehamia mtaani baada ya ajali, alikuja kila wiki ingawa kichwani alibakiwa na nywele za kuhesabika. Aliketi, akafunikwa kitambaa, akashusha pumzi, akasema kwamba kwa miaka kumi na tisa hajawahi kuelewa hesabu za sehemu, na kipindi hicho kikifika hujifungia stoo akajifanya anahesabu chaki. Muuza dawa alikiri kwamba yeye mwenyewe akimeza kidonge huzimia. Mwenye nyumba, baba mzima mwenye sauti ya kutikisa madirisha, alieleza jinsi anavyomwogopa paka wa mpangaji wa chumba cha tatu, na kwamba choo cha nje ameacha kukitumia kwa ajili hiyo. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kata hii ilikuwa imetoboka. Kinyozi aliwapa wote pole, akawapaka poda shingoni, wakatoka wepesi. Wengine walirudi hata nywele hazijaota, akawa anawapitishia mashine hewani ili kuwaridhisha.

Mambo yakaenda hivyo mpaka mwalimu wa chekechea alipomwita mama. Alimweleza kwamba binti yake ni msikivu, anaimba vizuri, ila kila asubuhi hujitambulisha upya kwa darasa zima, na kila siku kwa jina jingine. Mwalimu alidhani ni mchezo. Halafu siku moja watoto walichora baba zao, na binti akarudisha karatasi nyeupe. Alipoulizwa kwa nini hakuchora, alisema: "Mimi na baba bado hatujajuana."

Mama alirudi nyumbani siku hiyo hakupiga pasi kitu. Alimkuta mumewe anachemsha maharage, maana kupika alijua tangu zamani. Akamwambia waziwazi, sauti haikupanda wala kushuka: "Muhula ujao mtoto anaanza darasa la kwanza, na ataanzia kwa mama yangu. Nakupenda, lakini siwezi kumlea mtoto anayekuja kwa baba yake kila siku kama mgeni mlangoni. Ukimjua kabla ya hapo, atabaki. Usipomjua, anakwenda."

Kinyozi alilia machozi ya kweli. Kesho yake ilibidi aambiwe tena. Hebu fikirini kifungua kinywa cha namna hiyo: mtu hajamaliza kufurahi kwamba amepata mtoto, anaelezwa kwamba mtoto anaondoka, na chai haijapoa. Mkewe akaona akiendelea kusema kila siku atapasuka moyo, akaandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye kioo cha duka, chini kidogo ya bei za kunyoa.

Ndipo ikasikika habari ya daktari wa vichwa katika hospitali kuu. Alikuwa mama mmoja mfupi, mwenye miwani mizito, aliyetumia nusu ya maisha yake kuangalia panya. Aliwaeleza kinyozi na mkewe ofisini kwake, taratibu. Panya mwenye kidonda kwenye ubongo, ukimweka ndani ya sanduku la vijia vingi, hajui njia ya kwenda kwenye chakula hata apitishwe mara mia. Lakini akipandikizwa tishu kidogo za ubongo wenye afya, zikashika, zikaota mizizi, anaanza kujifunza tena. Si kwamba anarudishiwa alichosahau. Anarudishiwa uwezo wa kujifunza.

"Hao panya," aliuliza kinyozi, "waliwajua watoto wao?"

Daktari alivua miwani akaifuta. "Hatukuwauliza, baba."

"Basi mimi hilo ndilo ninalolitaka. Njia ya chakula ninaijua."

Walipangiwa tarehe. Kipande cha kupandikizwa kilikuwa cha ukubwa wa punje ya mahindi, kutoka kwa marehemu fulani ambaye familia yake ilikubali. Daktari hakusema ni nani, lakini muuguzi wa wodi, ambaye ulimi wake ulikuwa hauna breki, alimnong'oneza mke wa kinyozi kwamba marehemu alirudia darasa la nne mara tatu, na mwishowe aliyehama shule ni mwalimu. Mama wa watu alishika kiti. Akauliza kama hapakuwa na kichwa kingine.

"Mama, hicho ndicho kizuri," alisema muuguzi. "Hakijatumika. Kama zile sahani za wageni, zimekaa kabatini miaka yote na alama ya dukani bado ipo."

Mtaani habari zilipofika, watu walipigwa na butwaa, halafu wakala njama. Wiki moja kabla ya upasuaji ukaja ujumbe nyumbani, wazee wenye suruali za pasi, wakiongozwa na mwalimu mkuu. Muuza dawa alibeba soda kreti nzima. Wakaketi, wakauliza hali ya kila mtu mpaka wakamaliza watu.

"Fundi," alianza mwalimu mkuu, "sisi tunakupenda hivyo hivyo ulivyo. Kichwa si kitu cha kuchezewa."

"Tena una amani," aliongeza mwenye nyumba. "Mimi natamani ningesahau nusu ya unayosahau wewe."

"Na dawa za usingizi zina madhara," alisema muuza dawa. "Nasema kama mtaalamu."

Kinyozi alitaka kuwashukuru kwa upendo wao, maana aliona ni upendo kweli. Mkewe hakuwa mjinga. Aliuliza kila mmoja amenyolewa lini, na alipojibiwa, akatazama vichwa vyao, akaona vingine havikuwa na nywele hata za kushika kwa ncha ya vidole. Aliwaambia soda waache, wao waende, na kwamba kila mtu akatafute shimo lake achimbe mwenyewe nyuma ya nyumba yake.

Asubuhi ya upasuaji kulitokea kizaazaa kidogo. Kinyozi hajinyoi, walisema wa kale, na siku ile msemo huo ulimkuta. Muuguzi alikuja na wembe na povu kumnyoa kabla ya kuingizwa chumbani, akaanzia katikati ya paji kama anayepalilia shamba. Kinyozi hakuvumilia. Akamshika mkono, akamweleza aanzie panja, avute ngozi kwa kidole gumba, wembe aulaze, asiusimamishe. Alimfundisha robo saa nzima, daktari anagonga mlango, na mwisho alijitazama kwenye kioo akamwambia muuguzi kwamba ana mkono mzuri, ila akimaliza kazi ya watu wagonjwa asiende kunyoa wazima kabla hajafanya mazoezi. Kisha akamgeukia mkewe, akamuuliza ujauzito unaendeleaje.

Baada ya wiki tatu alirudi nyumbani na kovu refu na kofia ya sufu. Daktari alitoa masharti. Tishu mpya hazijui kitu, zinahitaji kufundishwa kama walivyofundishwa panya: jambo lile lile, mahali pale pale, saa ile ile, na zawadi ndogo akipatia. Baada ya siku tisini atapimwa. Siku ya tisini iliangukia Ijumaa, na shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu.

Mkewe alifuata masharti kama mtu anayefuata vipimo vya dawa. Kila asubuhi saa moja kamili alimkalisha kwenye kiti kile kile, akampangia mezani picha sita za watoto, tano za watoto wa jirani na moja ya binti yake, zote zimepigwa kwa mbele, zinatazama kama za kitambulisho. "Mwanao ni yupi?" Akipatia anapewa biskuti. Biskuti alishika binti mwenyewe, amesimama pembeni amenyooka, na ilikuwa marufuku kutaja jina lolote, la kweli wala la uongo. Kinyozi alitazama, akakuna kovu, akaelekeza kidole popote. Alikosea siku ya kwanza, akakosea ya ishirini, akakosea ya hamsini. Siku chache alizobahatisha, mtoto alimnyima biskuti kwa sababu aliona kabisa amebahatisha. Biskuti zote alikula mwenyewe, akanenepa mashavu, mpaka ikawa hata picha yake mwenyewe hafanani nayo.

Siku moja kinyozi aliuliza kama hakuna picha iliyopigwa kwa nyuma. Mkewe alimkata kauli. "Nani anampiga mtoto picha ya kisogo? Tazama uso, ndio mtu."

Jambo jingine lilitokea, naye akalielewa vibaya. Kama mwezi wa pili hivi, mkono wa mumewe uliacha kwenda tumboni mwake asubuhi. Aliamka, akauliza yale yale, mtoto amezaliwa lini, nani kaniangushia bango, lakini mkono ulibaki juu ya shuka. Mke alilala pale akatazama dari. Alidhani mume amemchoka, akaumia, akaenda zake kupiga pasi.

Huko dukani yalitokea makubwa zaidi, na hakuna aliyesema. Wateja walisubiri mwezi mzima kuona mgonjwa ameamkaje, wakaja mmoja mmoja kwa kunyatia. Mwalimu mkuu alikuwa wa kwanza. Kinyozi alimpokea kama mtu asiyemjua, "karibu mzee, keti hapa," na mwalimu akafurahi, akatoa la moyoni, tena alitoa na ziada, kwamba siku hizi hata desimali zimeanza kumpiga chenga. Wiki iliyofuata alirudi. "Karibu mzee, keti hapa." Mwalimu akaketi, akafumba macho. Kinyozi akaweka vidole juu ya kisogo chake, akapapasa lile bonde la nyuma ya sikio, akasema kwa upole: "Mwalimu, zile desimali zimekuachia kidogo?"

Mwalimu mkuu alitoka na kitambaa shingoni, upande mmoja umenyolewa na mwingine bado, na wiki nzima alifundisha na kofia. Muuza dawa naye yakamkuta alipokuja mara ya pili: aliulizwa kama bado anazimia. Mwenye nyumba hakuulizwa kitu, aliambiwa tu kwamba siku hizi paka hupita upande wa pili wa ukuta. Kila mmoja alikimbia, kila mmoja alitangaza kwamba Shimo limeharibika, msiende. Lakini hakuna aliyethubutu kueleza limeharibikaje, maana angeeleza, angelazimika kusema alichokumbushwa. Ushahidi wote kwamba kile kipandikizi kimeshika ulikuwa mikononi mwa watu walioapa kufa nao.

Kinyozi mwenyewe hakujua kwamba amefanya jambo. Nyuso hazikumwambia lolote. Maneno yalikuja tu vidole vilipogusa, naye alidhani ni ya zamani. Mke alipopita dukani akakuta viti vitupu na mashine imefunikwa, alihitimisha kwamba mumewe sasa hata kunyoa kumemshinda. Usiku ule aliteremsha begi la safari kutoka juu ya kabati, akalifuta vumbi.

Mchana wa siku zile tupu, mtoto alikuwa anarudi kutoka chekechea na kupitia dukani kusubiri mama yake. Alikuwa amewaona watu wazima wanavyofanya. Basi akapanda kiti kikubwa, akajifunika kitambaa, akashusha pumzi kama wao. Kinyozi, asiyekuwa na kichwa kingine cha kushika, alimfungua misuko yake akamchana, akamfunga tena. Mtoto aliongea. Alisema anakula biskuti nyingi mno. Alisema hataki kwenda kwa bibi, kwa bibi kuna kuku anayemdonoa. Alijitambulisha kila mchana kwa cheo kipya, maana huku marufuku ya mama haikufika, na kinyozi alimpokea kila mchana kama mteja mpya, akampaka poda.

Ijumaa ilifika. Kwenye chumba cha daktari walikuwapo daktari mwenyewe, wasaidizi wawili na makaratasi, mke wa kinyozi, na mtoto amevaa gauni la safari. Begi lilikuwa mlangoni. Walikuwa watoke hapo moja kwa moja hadi stendi. Daktari alipanga picha sita mezani.

"Mwanao ni yupi, baba?"

Kinyozi alitazama sana. Jasho lilimtoka. Akaelekeza kidole kwa mtoto wa muuza dawa.

Daktari aliandika. Akapanga tena, akauliza tena, akaandika tena. Mwisho alimwomba binti asimame mbele ya baba yake, uso kwa uso. "Na huyu, unamjua?"

Kinyozi aliinama, akamtazama mtoto usoni, macho, pua, yale mashavu ya biskuti. Akatamani kusema ndiyo. Aliona mkewe ameziba mdomo kwa kanga yake, akajua jibu gani linatakiwa, ila alikuwa mtu mkweli. "Samahani, mwanangu," akasema. "Sijakuona kabla ya leo."

Mtoto hakulia. Alizoea. Daktari alivua miwani, akasema anasikitika, kipandikizi kimekaa vizuri kwenye picha za mashine lakini hakijafanya kazi, na kwa utaratibu wao watafunga faili. Mke wa kinyozi alisema hakuna neno, wamejitahidi wote. Alimvuta mtoto, akamkalisha kwenye stuli amfunge vizuri utepe wa nywele uliokuwa umelegea, wasichelewe basi. Utepe ulianguka mara moja, ukaanguka mara ya pili.

"Lete," alisema kinyozi. "Hiyo si kazi yako, ni yangu."

Alisimama nyuma ya stuli, akaingiza vidole kwenye nywele za mtoto. Utosini alikuta pale nywele zinapozunguka mara mbili, moja kulia moja kushoto. Nyuma ya sikio akakuta kovu dogo la kuanguka kitandani. Mikono ikasimama.

"Huyu si Msimamizi wa Mbu?" alisema.

Wote walimtazama. Mkewe aliuliza ni nani huyo, hajawahi kusikia mtu wa hivyo.

"Huyu hapa. Jumatatu alikuwa Msimamizi wa Mbu. Wiki iliyopita alikuwa Katibu wa Maembe, kabla ya hapo Rubani wa Ngazi. Hapendi kuvutwa upande huu wa kushoto. Kuna kuku anamdonoa kwa bibi yake, hataki kwenda." Alisema polepole, vidole vikisogea, kama mtu anayesoma. "Biskuti anakula yeye zote."

Daktari alikuwa amesimama. Msaidizi mmoja alianza kuandika, akaacha. Mtoto alikuwa ameketi wima, hageuki, ameshika gauni lake kwa mikono miwili.

"Na Jumanne," kinyozi aliendelea, "Jumanne alilia kwenye kiti. Nilimuuliza kwa nini kila siku ana jina jipya, la kwake mwenyewe analificha wapi. Akaniambia, nikikupa la kweli utalisahau. Bora usahau la uongo."

Mke wa kinyozi aliketi chini sakafuni na gauni lake zuri la safari, akalia kwa sauti ambayo miaka sita alimkataza mumewe kulia. Daktari alijipiga kofi dogo pajani. "Panya tuliwapima kwa miguu yao," alisema, akijisemea mwenyewe. "Huyu tumempima kwa macho. Miezi mitatu, kinyozi tumempima kwa macho."

Kinyozi hakumsikia. Alikuwa ameinama nyuma ya kichwa cha mtoto, mikono bado iko nyweleni. "Hilo la kweli," akauliza, "linaweza kutajwa sasa?"

Mtoto alifikiri kidogo, maana si jambo la kukurupukia. Kisha alilitaja, kwa sauti ndogo, bila kugeuka. Kinyozi alilirudia. Akalirudia tena, akawa analirudia mpaka basi lao likaondoka stendi bila wao.

Jumamosi asubuhi kinyozi aliamka, akaketi kitako, akauliza kuhusu mimba. Mkewe alimwambia yale yale, mtoto, chai, bango, majirani. Halafu akainuka, akamfuata nyuma kwa nyuma hadi jikoni, maana usiku mmoja ulikuwa umepita na usingizi umepita nao, na begi bado lilikuwa mlangoni halijafunguliwa.

Mtoto alikuwa mezani. Alikuwa amegeuza kiti chake, kinatazama ukuta, na chai yake ameiweka dirishani ili aifikie. Kisogo chake kilikuwa kinaelekea mlangoni.

Kinyozi alisimama akamtazama kwa mshangao, kama kila siku. Hakujua ni nani. Akasogea, akaweka mkono juu ya kichwa chake, mkono ukatulia, naye akamwita kwa jina lake.

"Rudia," alisema mtoto kwa ukuta.

Akarudia.